Tusi la Mashine

Mzee Mdegela aliibiwa ng'ombe wake wote kabla ya saa nne asubuhi, na katika mji mzima wa Iringa hapakuwa na mtu mwenye furaha kumzidi.

"Mwizi!" alipiga kelele kutoka kwenye kiti chake, miwani ya mchezo imembana pua, mkanda wa paji la uso unawaka taa ya njano. "Mwizi mtoto wa mwizi! Nirudishie yule dume mwekundu!"

Sauti ya mwanamke mtu mzima ikamjibu kwenye spika ya kiti, sauti nzito isiyo na haraka. "Dume yupi, Mhehe wewe? Yule niliyemkuta amekonda mpaka anaegemea ukuta asianguke? Nimemwokoa. Halafu huo ukuta umeujengea nini, ugali wa mama yako? Nimepiga nondo, nondo imepinda."

Mzee akacheka mpaka akakohoa, akapiga paja, akavua miwani afute machozi. Alikuwa dereva wa malori mstaafu, mrefu, mwenye shati lililofungwa vifungo mpaka shingoni, na tangu afiwe na mkewe hapakuwa na mahali pengine alipocheka isipokuwa pale, kiti cha pili kutoka dirishani, Ukumbi wa Burudiko, mtaa wa Gangilonge.

"Umesikia, Twilumba?" akaita. "Umesikia anavyomsema marehemu mama yangu?"

"Nimesikia, babu."

"Hana adabu kabisa!" Akavaa miwani tena haraka haraka, asije akapitwa na tusi jingine.

Twilumba Kikoti alikuwa mlinganishi wa ukumbi ule. Kwa mtu wa nje, kazi yake ilionekana ni kukaa kwenye kiti cha kuzunguka na kutazama rangi, na kusema kweli haikuwa mbali sana na hapo. Kila mchezaji alivaa mkanda. Mkanda ulisoma jasho la paji la uso, mapigo ya moyo na jinsi mboni za macho zinavyotanuka, ukavichanganya vyote, ukatoa jibu la swali ambalo kampuni ililipenda kuliko yote: huyu mtu anacheza kwa sababu gani? Nyekundu, anataka kushinda. Bluu, anataka kujua kilichoko mbele. Kijani, anataka kutengeneza kitu. Njano, anataka watu. Mlinganishi akishaijua rangi, anaugeuza mchezo kidogo kidogo umkae mwenyewe, kama fundi anavyopunguza suruali kiunoni. Mtu aliyepata mchezo wa saizi yake haondoki.

Mama Sikitu, muuza viazi wa soko kuu, alikuwa kijani. Kila akitoka sokoni alikuja kulima shamba lisilo na magugu, na Twilumba alipowahi kumuuliza inakuwaje mtu aliyeshinda na viazi akimbilie tena kwenye viazi, alijibu, "Huku nikipanda, kinaota. Basi." Hakimu mmoja mstaafu alikuwa mwekundu wa kutisha. Alikuja kuvunja sahani za mchezo, maelfu ya sahani, bila kutamka neno na mtu, kisha anainama kwa heshima na kwenda zake kanisani. Elia wa bodaboda alikuwa bluu. Yeye aliendesha pikipiki ya mchezo moja kwa moja mpaka ramani iishe, aone kuna nini. Kulikuwa na weupe mtupu, na alipenda kukaa humo akipumzika.

Mzee Mdegela peke yake ndiye aliyeushinda mkanda. Akishinda, alipoa. Akipoteza ng'ombe, moyo ulipanda, ngozi ikapata joto, mashine ikaandika kwamba anaonewa. Akitukanwa, rangi ilirukaruka baina ya nyekundu na njano mpaka ukaihurumia taa. Wataalamu wa makao makuu Dodoma wakamweka kwenye kundi la "wachezaji wenye mvurugiko". Twilumba alicheka sana aliposoma. Yeye mwenyewe alikuwa Mhehe wa Kalenga, hakuhitaji mkanda kujua kwamba mzee amepata mtani.

Wahehe na Wangoni walipigana enzi za mababu, wakauana vya kutosha, kisha wakaona bora wamalizie kwa matusi. Mpaka leo Mngoni anaweza kuingia nyumbani kwa Mhehe, akamwita mwoga, akamchukulia kuku bandani, na mwenye kuku akabaki anacheka na kutafuta la kumjibu. Akikasirika, yeye ndiye mwenye kosa. Bi. Osmunda Komba wa Songea, muuguzi mstaafu ambaye mzee hakuwahi kumwona hata picha, alikuwa akimwibia ng'ombe wa mchezo mwaka wa pili sasa, na mzee akimwibia kila alipoweza.

"Amenoga siku hizi," mzee alisema siku hiyo akirudisha mkanda. "Zamani tukicheza kidogo tu anasema mgongo, anasema ngoja nikanywe dawa. Sasa hachoki! Anatukana mwanzo mpaka mwisho, na kila tusi jipya. Amekunywa nini yule Mngoni?"

Twilumba akacheka naye, akamsindikiza mpaka mlangoni. Aliporudi mezani kicheko kilikuwa kimeisha. Mgongo wa muuguzi aliyenyanyua wagonjwa maisha yake yote hauponi ghafla hivyo.

Akafungua mstari wa mapigo ya Bi. Osmunda, ambao mlinganishi huuona lakini mara chache huutazama. Mapigo yalipanda pale ya mzee yaliposhuka, yakashuka ya mzee yalipopanda, bila kukosea hata mara moja. Moyo wa mtu haumfuati mwenzake namna hiyo. Moyo wa mtu una mambo yake, unakwenda mbio mwenyewe akikumbuka ameacha sufuria jikoni. Twilumba akachukua simu.

*

Mlinganishi wa ukumbi wa Songea aliitwa Otmari Haule, kijana mpole aliyezungumza taratibu.

"Bi. Osmunda?" alisema. "Dada Twilumba, Bi. Osmunda tumeshamzika. Alianguka jikoni kwake. Ukumbi mzima tulikwenda kuzika."

"Mbona kiti chake kinacheza?"

"Hapa hakichezi. Tumekifunika kitambaa." Otmari akashusha sauti. "Makao makuu watakuwa wamewasha kivuli."

Twilumba alikijua kivuli. Kila mlinganishi alikijua na kila mlinganishi alitia sahihi ya kutokisema. Mtu akicheza muda mrefu, mashine hujifunza anavyocheza: anapenda kupita wapi, anakasirishwa na nini, anacheka vipi, sauti yake inapanda wapi. Kutokana na hayo inatengeneza mfano wake unaoweza kucheza mwenyewe akiwa safarini au akiugua, ili mwenzake asikae bure akazoea kutokuja. Kivuli kilikuwa na faida moja juu ya mwenyewe: kiliona rangi ya mwenzake, kikampa kile hasa kinachomchangamsha. Waliokitengeneza walifikiria safari na malaria. Kama walifikiria kifo, hawakuandika.

"Na watoto wake?" Twilumba akauliza. "Hawakututafuta?"

"Wamtafute nani? Walidhani mama yao anakuja hapa kunyoosha vidole. Hawakujua ana mtu wa kutukanana naye." Otmari akaguna. "Nikwambie kitu, dada? Msiba ulikuwa mkavu. Ndugu wa mbali waliotegemewa walete watani hawakufika. Mtu wa watu vile, ametibu nusu ya wilaya, tukamzika kimya kimya kama ofisa aliyehamia juzi. Hakuna aliyevaa nguo zake akamwigiza. Hakuna aliyeruka kaburini akakataa kutoka. Watu walilia tu, wakala, wakaondoka. Binti yake mkubwa, Benedikta, mpaka leo hajacheka. Arobaini ni Jumamosi hii."

Twilumba alikaa na simu mkononi muda mrefu baada ya Otmari kuaga. Mhehe na Mngoni wote wanajua: ukiacha kumtukana mtani siku nyingine zote utasamehewa, lakini siku ya msiba wake usipokwenda umemtupa. Na Mzee Mdegela alikuwa amekaa kiti cha pili kutoka dirishani, anacheka.

*

Meneja, Bwana Rwegoshora, hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililofanya mambo yawe magumu. Alitokea kwenye skrini kutoka Dodoma na kikombe cha kahawa mkononi, akasikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Mzee anaendeleaje?" akauliza.

"Anakula. Anapanda kilima kwa miguu kila siku kuja hapa. Binti yake ameniletea kapu la maparachichi kunishukuru."

"Basi unataka kumnyang'anya nini, na kwa faida ya nani?" Akaweka kikombe. "Mama yangu yuko Bukoba. Kila jioni anazungumza na kivuli cha baba, wanabishana juu ya migomba. Ukikizima utamuua."

"Mama anajua ni kivuli?"

"Anajua."

"Mzee Mdegela hajui, bosi."

"Ndiyo maana ana furaha kuliko mama yangu," alisema meneja. "Sikiliza. Acha hiyo arobaini ipite. Halafu tutamfanya bibi aage vizuri. Atasema anahamia kwa mwanawe, mgongo umezidi. Mzee atasikitika siku mbili tatu, tumtafutie Mngoni mwingine, Songea wamejaa. Lakini ukimwambia habari ya kivuli, umevunja mkataba, na mimi sitaweza kukutetea. Hicho kiti nitakipa mtu mwingine. Tumeelewana?"

"Nimekusikia, bosi."

Na kwa kweli alitaka kukubali. Alikipenda kile kiti, aliwapenda watu wake na rangi zao. Zaidi ya hapo aliogopa. Alimwona mzee alivyokuwa miezi ya kwanza ya ujane, amekaa barazani kwa binti yake, redio imezimwa, mtu anampita na kumsalimu "kamwene" mara mbili ndipo anaitika. Nani atakubali kumrudisha pale kwa mkono wake mwenyewe? Alilala akiwa ameamua kunyamaza.

Asubuhi alimkuta mzee amewahi, amesimama mlangoni ukumbi haujafunguliwa, midomo yake inachezacheza.

"Unasali, babu?"

"Nasali nini! Nimepata la kumwambia leo yule mama. Nimelala nalo usiku kucha. Nimeliweka sawa, nikalibadilisha, nikalirudisha lilivyokuwa." Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi na yaling'aa. "Hili akilisikia, Twilumba, atakaa chini. Atavua mkanda, atakwenda kuwaambia majirani."

Hapo ndipo Twilumba aliposhindwa. Siku zote yeye, meneja na mkanda walikuwa wakihesabu kile mzee anachokipata. Mashine yote ilitengenezwa kwa swali hilo moja, mtu huyu anapata nini hata aje kesho. Hakuna aliyewahi kupima anachokileta. Na yule mzee alikuwa amekesha akimtengenezea mtu zawadi, na mtu mwenyewe hayupo.

"Njoo tunywe chai kwanza," akasema.

"Chai baadaye. Hili likipoa halina maana."

"Twende, babu. Nakuomba."

*

Ukumbi ulikuwa na kantini ndogo upande wa nyuma, meza chache na dirisha la kupitishia vikombe. Mama Sikitu alikuwa amekwishakaa na bagia zake, na hakimu mstaafu alikuwa pembeni peke yake na gazeti. Twilumba alitafuta namna ya kuanza kwa kuzunguka, akaona kuzunguka ni kumdharau.

"Babu, Bi. Osmunda amefariki."

Mzee akaangalia chai yake. "Lini?"

"Mwezi uliopita."

"Jana amenichukulia ng'ombe."

"Si yeye aliyechukua." Akamweleza yote: kivuli, sauti, mapigo yanayofuata mapigo yake, Otmari, kitambaa juu ya kiti. Mzee alimsikiliza kama alivyokuwa akiwasikiliza mafundi zamani lori likiharibika njiani, anamwangalia mdomoni na hamkatizi.

Alipomaliza, mzee aliuliza jambo moja ambalo Twilumba alilitegemea na kuliogopa. "Nani alilala kaburini?"

"Hakuna, babu."

"Nani alivaa nguo zake?"

"Hakuna. Watoto wake hawakujua kama ana mtani."

Mzee akasukuma kikombe. Machozi yalimtoka, hakuyafuta wala hakuyaficha. "Amezikwa bila kutukanwa," alisema. "Mwanamke yule! Amezikwa hivi hivi tu!"

Twilumba naye alikuwa analia. "Nimekukosea, babu. Nimekuharibia."

"Wewe? Wewe umeniletea msiba wangu. Walikuwa wameukalia huko." Akavuta pumzi, akavuta tena, kisha taratibu uso ukabadilika, nyusi zikakutana. "Ngoja kwanza. Hiyo sauti ya jana. Iliyosema habari ya ugali wa mama yangu."

"Ni mashine, babu."

"Mashine ni Mngoni?"

"Hapana."

"Ina utani na Wahehe? Na Wagogo? Na mtu yeyote?"

"Hapana, babu. Haina kabila."

"Basi nimetukaniwa mama!" Akapiga meza, bagia za Mama Sikitu zikaruka. "Mtani akinitukana amenisalimu. Lakini kitu hiki kina udugu gani na mimi? Mwezi mzima, kila siku ya Mungu, kinamsema mama yangu aliyelala Kalenga, na mimi nimekaa nakichekea! Mbele za watu!"

Twilumba alikuwa amejiandaa kwa machozi, kwa ukimya, hata kwa mzee kuondoka asirudi. Kwa hili hakujiandaa. Aligundua kwamba mkono umemfunika mdomo na kwamba, Mungu amsamehe, alikuwa karibu kucheka.

"Kosa hilo lina faini," alisema Mama Sikitu.

"Lina faini!" mzee akaitikia.

Kwenye meza ya pembeni gazeti likashuka. Hakimu mstaafu, ambaye hakuna mtu pale ndani aliyewahi kusikia sauti yake, akakohoa. "Kimila hapo hapana ubishi," alisema. "Aliyetukana bila utani atalipa. Na kama mtukanaji hana mali, atalipa anayemfuga."

"Mbuzi," alisema Mzee Mdegela. "Dume, mzima, asiye na kilema. Na sitamla mimi. Nitakwenda naye Songea Jumamosi."

*

Twilumba alimpigia meneja yeye mwenyewe kabla hajapigiwa.

"Nimemwambia," alisema.

Kwenye skrini Bwana Rwegoshora alifumba macho. "Twilumba. Kwa nini?"

"Alikuwa analala akifikiria la kumwambia mtu aliyekufa, bosi. Nimeshindwa. Lakini kuna jambo jingine, na hili ni la kampuni." Akamweleza. Alieleza kwa utulivu, kama anavyotoa taarifa ya viti vibovu: ugali, ukuta, nondo, marehemu mama, mwezi mzima, mashahidi akiwemo hakimu.

Meneja alikuwa amesomea hesabu za mioyo ya watu kwa miaka mingi, lakini kabla ya hapo alizaliwa na mama na kukulia kijijini. "Kimemtukania mama," alisema.

"Kila siku."

"Na sisi ndio tuliokituma." Akajikuna kichwa. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, akageuza uso usionekane, na aliporudi alikuwa amejikaza. "Mpeni mbuzi wake. Mwambie namwomba radhi mimi mwenyewe, kwa jina la mama yangu. Habari ya kiti chako tutaongea Jumatatu, na sikuahidi kitu."

"Sijakuomba kitu, bosi."

"Najua. Hilo ndilo linaloniudhi."

*

Basi la umeme liliwashusha Songea Jumamosi asubuhi, na Otmari akawapokea na mbuzi aliyekwisha kununuliwa, dume mweusi mwenye hasira. Nyumba ya marehemu ilikuwa nje kidogo ya mji. Misa ilikuwa imekwisha. Watu walikaa kwenye mikeka na viti vya plastiki, wakinamama walikuwa jikoni nyuma, na wote walizungumza kwa sauti ya chini, ile sauti ya msiba unaosubiri kwisha.

"Babu," Twilumba alinong'ona getini, "hukuwahi kumwona. Utamwigiza vipi?"

Mzee alijifunga kiunoni khanga aliyokuja nayo, akashika mgongo kwa mkono mmoja na kamba ya mbuzi kwa mkono mwingine, akaingia katikati ya uwanja.

"Jamani mgongo wangu!" alisema, na sauti iliyomtoka ilikuwa nzito, isiyo na haraka. "Ngoja kwanza nikanywe dawa, nikirudi nimalizane na huyu Mhehe!"

Uwanja mzima ulishtuka. Mwanamke mmoja aliangusha sinia. Ilikuwa yeye kabisa, vile alivyovuta maneno, vile alivyomaliza sentensi kama anafunga mlango wa wodi, na papo hapo ilikuwa ni mzee mrefu mwenye ndevu nyeupe aliyevaa khanga vibaya, na hakuna aliyeweza kudanganyika. Kisha bibi mmoja mkongwe, dada wa marehemu, akainuka kwenye mkeka kwa kushikwa mikono, akapiga kigelegele.

"Mtani amekuja!" alilia. "Jamani, mtani wake amekuja!"

Na matusi yakaanza. Mzee aliuliza aliko yule mwizi wa ng'ombe wake. Alieleza jinsi alivyotapeliwa dume mwekundu. Alisema wauguzi wa Kingoni hudunga sindano kama wanawinda nguruwe, na waliowahi kudungwa na marehemu wakashika makalio yao na kucheka. Akalitoa lile tusi alilokesha nalo, na lilikuwa zuri kweli, wazee walipigana mabega na mtu mmoja alilazimika kwenda kuegemea ukuta. Lakini lilihusu mambo ya ndani ya mchezo na ya wawili wale, nje ya uwanja ule halisimuliki.

Alipoishiwa pumzi alimkabidhi Otmari kamba ya mbuzi, akaelekea kaburini, nyuma ya nyumba, akajilaza kando ya udongo, shati lake la vifungo na khanga yake, akafunika uso kwa mkono.

"Siondoki," alisema. "Mpaka mwenye deni langu aje aninyanyue."

Hapo utani ulikuwa umekwenda mbali. Watu walimletea soda, hakuamka. Walimletea sahani ya nyama, hakuamka. Mabega yake yalikuwa yanatikisika na hayakuwa ya kicheko tena. Wanaume walitazamana, kwa sababu mtani hanyanyuliwi na mtu yeyote tu.

Benedikta, binti mkubwa, alikuwa amesimama karibu na Twilumba, mikono ameikunja kifuani. Alikuwa mwanamke wa makamo, amekonda usoni kwa msiba. Otmari alikuwa amekwisha kumweleza habari ya mashine.

"Hicho kivuli," aliuliza bila kugeuka. "Kinasema kama mama?"

"Kinasema kama yeye, dada."

"Kinatukana kama yeye?"

"Kinatukana vizuri kumzidi. Hakichoki." Twilumba alisita. "Kiko bado. Nyinyi ndio mtakaoamua. Mkitaka mkisikie..."

Benedikta akatikisa kichwa. "Nikikisikia sitaondoka pale," alisema. "Kizimeni." Kisha akakunjua mikono, akaenda mpaka kaburini, akasimama juu ya mzee.

"Wewe mzee," alianza. Sauti haikutoka vizuri. "Wewe... una masikio makubwa."

Mkono ukaondoka usoni. Jicho moja likafunguka. "Hilo ni tusi au unanipima kofia?"

Watu wakacheka. Benedikta aliona haya, akataka kurudi nyuma, lakini mzee aliendelea kumwangalia kutoka chini.

"Mama yako alikuwa anatukana na wewe ukiwa jikoni unakoroga uji, hukusikiliza? Rudia. Kwa nguvu."

Benedikta akavuta pumzi. Akalitazama kaburi, akamtazama mzee. "Una masikio makubwa yote hayo," alisema, safari hii pole pole, akivuta maneno, "na mama yangu amekuibia zizi zima hukusikia hata mlango!"

Kicheko kilichopanda pale kilisikika mpaka barabarani. Mzee Mdegela alicheka amelala, akacheka ameketi, na machozi yakimtoka akanyoosha mkono juu. Benedikta akaushika kwa mikono yake yote miwili, akamvuta mpaka akasimama, naye alikuwa anacheka, analia, hajui ashike lipi, kwa mara ya kwanza tangu mama yake aanguke jikoni.

"Hicho kiti cha mama," alimuuliza alipopata sauti, "huwa mnaanza saa ngapi?"

"Saa tatu asubuhi," alisema mzee, akikung'uta udongo magotini. "Na usije na habari ya masikio, hiyo nimeshaisikia."